Ukubwa na Mwelekeo wa Bohari za Programu: Kiswahili Huhesabiwaje?

Utangulizi

Mhadhara huu unahusu bohari za programu za kompyuta, yaani mahali ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao ili watu wengine wazichukue, wazitumie na, leseni ikiruhusu, wazirekebishe. Bohari hizo ni nyingi, na aghalabu kila moja hujitambulisha kwa idadi ya vifurushi vilivyomo. Debian, katika toleo lake la 12 lililotoka Juni 2023, ilitangaza vifurushi 64,419. CRAN, bohari ya lugha ya kitakwimu iitwayo R, imekwisha kuvuka vifurushi 20,000. Bohari ya npm, inayohudumia lugha ya JavaScript, ina vifurushi zaidi ya milioni 2. Msomaji wa haraka ataziweka takwimu hizo katika safu moja, ataona kwamba ya tatu ni kubwa mara 100 kuliko ya pili, kisha atamwelekeza mwanafunzi anayetafuta zana ya kuchanganulia matini za Kiswahili aanzie kwenye hiyo iliyo kubwa kuliko zote. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba safu hiyo haina maana hadi ijulikane ni kitu gani kilichohesabiwa kuwa kimoja, na kwamba kwa lugha kama Kiswahili jambo hilo huamua kama lugha yenyewe itaonekana ama haitaonekana katika hesabu.

Suala hili si la mafundi peke yao. Orodha za maneno, kanuni za tahajia na majedwali ya viambishi yanayotayarishwa na idara za lugha sasa huhifadhiwa katika kompyuta, na anayechagua mahali pa kuyaweka anachagua pia nani atayapata na yatadumu kwa muda gani.

Inafaa kwanza kusema neno kuhusu istilahi. Kifurushi, kwa matumizi ya kila siku nchini Tanzania, kimezoeleka kuwa ni kiasi cha muda wa maongezi au cha data kinachonunuliwa kwa mkupuo kutoka kampuni ya simu. Hapa neno hilo lina maana ya fungu la faili lililofungwa pamoja na jina lake, namba ya toleo, leseni na orodha ya vifurushi vingine ambavyo hakiwezi kufanya kazi bila hivyo. Bohari imechaguliwa badala ya hazina, kwa kuwa hazina huleta taswira ya mali iliyofungiwa isiguswe. Na badala ya maktaba, kwa kuwa maktaba limekwisha kutumiwa na baadhi ya watu kwa maana nyingine katika taaluma hiyohiyo. Bohari ina bidhaa zinazoingia na kutoka, na ina mwenye funguo. Wanaopendelea ghala hawana kosa.

Tatizo la kizio

Wanaleksikografia wa Kiswahili wanalijua tatizo la kizio tangu zamani. Kamusi mbili zinaweza kuwa na msamiati unaokaribiana sana, na bado moja ikawa na vidahizo vingi zaidi kuliko nyingine. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilipenda kukusanya vinyambuo vingi chini ya shina moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilizipanga nomino kwa herufi ya kwanza ya umbo la umoja, hivyo mpishi akakaa mbali na pika. Iwapo pikia, pikisha, pikika na pikiana vitapewa kila kimoja mahali pake, kamusi itanenepa bila lugha kuongezeka hata neno moja. Kwa hiyo hakuna mwanaleksikografia makini anayelinganisha kamusi kwa idadi ya vidahizo kabla ya kusoma utangulizi na kujua kidahizo ni nini katika kila moja.

Bohari za programu zinadai tahadhari hiyohiyo. Katika Debian kuna hesabu mbili: vifurushi vya chanzo, yaani msimbo kama ulivyoandikwa, na vifurushi vya kusakinishwa, ambavyo hutengenezwa kutokana na hivyo vya kwanza. Chanzo kimoja huweza kuzaa kifurushi kimoja, au kumi, au zaidi ya mia. LibreOffice ni mfano mzuri wa uzazi huo, kwa sababu tafsiri za lugha mbalimbali hufungwa kila moja peke yake. Takwimu ya 64,419 iliyotajwa hapo juu ni ya vifurushi vya kusakinishwa. Anayetaka kujua ni kazi ngapi tofauti za kibinadamu zimo ndani ya Debian atapaswa kutumia hesabu ya vyanzo, ambayo ni ndogo zaidi.

CPAN, bohari ya lugha ya Perl iliyofunguliwa mwaka 1995, nayo hutoa namba mbili kwa pamoja: moduli zaidi ya 200,000 zilizomo katika mafungu zaidi ya 40,000. Namba zote mbili ni sahihi. Moja ni zaidi ya mara nne ya nyenzake, na mwandishi wa makala ya kuisifu au kuikosoa Perl anaweza kuchukua ile inayomfaa.

Kwa upande wa npm, iliyoanzishwa mwaka 2010, desturi ya watumiaji wake ni kuandika vifurushi vidogo mno, mara nyingine kila kazi ndogo na kifurushi chake. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi, aliziondoa kazi zake 273 katika bohari hiyo. Miongoni mwake kilikuwamo left-pad, kifurushi cha mistari 11 ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa neno hadi litimize urefu uliotakiwa. Miradi mingi mikubwa, ambayo wenyewe hawakujua hata kama walikuwa wakikitegemea, ilikwama kwa saa kadhaa, na wasimamizi wa bohari wakalazimika kukirudisha. Kifurushi cha mistari 11 na kifurushi cha mfumo mzima wa kuchanganua sarufi vyote huhesabiwa kimoja. Basi milioni 2 za npm zinasema zaidi kuhusu desturi ya uandishi wa jamii ile kuliko kuhusu wingi wa maarifa iliyoyakusanya.

Kuna kosa jingine, nalo ni kujumlisha. Debian hufungasha upya mamia ya vifurushi vya CRAN na maelfu ya vile vya CPAN, kwa majina yanayoanza na r-cran au kuishia na perl. Anayejumlisha bohari tatu ili kupata ukubwa wa programu huria duniani anawahesabu watu walewale katika kila nyumba walimolala.

Mwelekeo na mlango

Majina ya bohari tatu kati ya zilizotajwa katika mhadhara huu yanafanana, na si kwa bahati. CTAN ndiyo ya kwanza. Ilianza kujengwa mwaka 1992 na kutangazwa rasmi katika mkutano wa watumiaji wa TeX uliofanyika Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, mwaka 1993. TeX ni mfumo wa kupanga chapa uliotungwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kabla ya CTAN vifurushi vyake vilikuwa vimetapakaa katika seva za vyuo mbalimbali. Waanzilishi wa CPAN waliiga mfano huo pamoja na jina. Kisha, tarehe 23 Aprili 1997, Kurt Hornik na Friedrich Leisch wa Vienna walitangaza CRAN kwa ajili ya R, lugha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa mikono ya Ross Ihaka na Robert Gentleman. CRAN ilianza na vifurushi 12.

Hata hivyo, kilichorithiwa ni jina; sheria za mlangoni zilibaki mbalimbali. CTAN ina fani moja, nayo ni upangaji wa chapa. Vifurushi vyake, vipatavyo elfu sita na ushei, vinahusu kurasa, herufi, majedwali, muziki, mashairi na maandishi ya lugha mbalimbali, na mtu hatarajii kukuta humo zana ya kuhesabu marudio ya maneno. CPAN ina lugha moja ya programu lakini haina fani: humo mna kila kitu ambacho mtu amewahi kukiandika kwa Perl. CRAN iko katikati. Mwelekeo wake ni takwimu, na fani nyingine huingia kwa kupitia mlango huo, isimu ikiwamo. Kila kifurushi kinachopelekwa hufanyiwa majaribio kabla ya kukubaliwa, na majaribio hayo huendelea kurudiwa baadaye. Kikishindwa na msimamizi wake asikirekebishe, huondolewa katika orodha hai. Bioconductor, iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya watafiti wa jenomu, hutumia lugha ileile ya R na ina vifurushi zaidi ya 2,000 tu. Lakini kwa mwanabiolojia bohari hiyo ni pana kuliko CRAN, kwa sababu karibu kila kilichomo kinamhusu na vyote hutolewa kwa pamoja mara mbili kwa mwaka vikiwa vimehakikishwa kwamba vinaelewana.

Debian haina fani wala lugha moja ya programu. Lengo lake tangu Ian Murdock alipoianzisha mwezi Agosti 1993 ni mfumo endeshi kamili. Mlango wake ni leseni: kifurushi kisichotimiza masharti ya uhuru yaliyowekwa mwaka 1997 hakiingii katika sehemu kuu, hata kiwe kizuri namna gani. Toleo la Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Pamoja na kukua kote huko, toleo la 2023 liliondoa vifurushi zaidi ya 6,200 vilivyopitwa na wakati, tendo ambalo katika npm au katika PyPI, bohari ya Python iliyoanza mwaka 2003 na sasa ina miradi zaidi ya 500,000, halina mfano wake. Katika hizo mbili za mwisho mlango uko wazi kwa yeyote aliyejiandikisha, na kilichoachwa na mwenyewe miaka kumi iliyopita kwa kawaida kitaendelea kuhesabiwa.

Mahali pa Kiswahili

Baada ya hayo swali la Kiswahili linaweza kuulizwa kwa usahihi zaidi. Katika Debian kimo kifurushi hunspell-sw, chenye orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili. Katika hesabu ya vifurushi vya kusakinishwa kinaonekana na kina jina lake. Katika hesabu ya vyanzo hakionekani kabisa, kwa sababu chanzo chake ni libreoffice-dictionaries, kinachozaa kamusi za tahajia za lugha nyingi kwa mara moja. Kiswahili kipo ama hakipo kutegemea jedwali lipi limefunguliwa.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Unicode Consortium huchapisha hifadhidata iitwayo CLDR, yenye majina ya siku, miezi, nchi na sarafu, pamoja na namna ya kuandika tarehe na namba katika lugha mbalimbali. Kiswahili kimo, tena kwa kutofautisha Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika CPAN data hizo zimegawanywa lugha kwa lugha, hivyo Kiswahili kina fungu zima kwa jina la Locale-CLDR-Locales-Sw. Katika CTAN data za namna hiyo zimo ndani ya kifurushi babel, na humo Kiswahili ni faili moja fupi miongoni mwa mamia ya faili. Lugha ni ileile na majina ya siku ni yaleyale. Katika bohari moja ni kifurushi na katika nyingine si kifurushi. Mtafiti atakayeandika kwamba CPAN inajali Kiswahili kuliko CTAN, kwa kuwa ameliona jina lake katika orodha ya moja na hakuliona katika nyingine, atakuwa amepima ufungashaji.

Katika CRAN kimo kifurushi stopwords, kinachokusanya maneno ambayo wachanganuzi wa matini huyaondoa kabla ya kuanza kuhesabu. Orodha ya Kiswahili imo, sambamba na za Kihausa, Kisomali, Kisotho, Kiyoruba na Kizulu, nayo hutupa maneno kama na, ya, wa na kwa. Hapa ndipo mwelekeo wa bohari unapojitokeza waziwazi. Kwa mwanatakwimu anayetaka kujua gazeti limezungumzia nini, maneno hayo ni makapi. Kwa mwanaisimu anayechunguza upatanisho wa kisarufi, ya na wa ndiyo nafaka yenyewe. Akikitumia kifurushi hicho bila kukisoma atakuwa amekitupa kiini cha utafiti wake kabla ya kuuanza. Kifurushi hakina kosa. Kiliandikwa kwa swali jingine.

Umbo la chombo

Kukagua tahajia ya Kiswahili kunaibua jambo ambalo hesabu yoyote ya vifurushi, hata iliyofanywa kwa uangalifu, haiwezi kulionyesha. Hunspell, programu inayoisoma kamusi ya hunspell-sw, ilitungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, na jina lake linakumbusha asili hiyo. Kihungari ni lugha yenye viambishi tamati vingi, kwa hiyo Hunspell huweza kuvua viambishi tamati vya ngazi mbili na kiambishi awali kimoja. Ipo amri ya kugeuza mpangilio huo ili vivuliwe viambishi awali viwili, lakini hapo ngazi moja ya viambishi tamati hupotea.

Kitenzi cha Kiswahili hakikubaliani na kipimo hicho. Katika watatupikia, kabla ya mzizi kuna kiambishi cha mtenda, cha njeo na cha mtendwa, na baada ya mzizi kuna kauli ya kutendea na kiishio. Mtayarishaji wa kamusi ya Hunspell hulazimika ama kuorodhesha maumbo mengi yakiwa mazima, ama kuviunganisha viambishi na kujifanya kwamba watatu- ni kiambishi kimoja. Njia hiyo ya pili hukua haraka mno. Kwa kuchukua nafsi 6 za mtenda, njeo 4 za kawaida (na, li, ta na me), na nafasi 6 za mtendwa, yaani ni, ku, m, tu, wa na kutokuwapo kwa kiambishi, hupatikana michanganyiko 144, kabla ya kuondoa isiyotumika kama ninanipikia. Hiyo ni kwa ngeli ya watu pekee, na bila ukanushi, hali ya masharti wala urejeshi. Ngeli nyingine zikiingia, orodha hufikia maelfu kwa kila kitenzi elekezi.

Njia nyepesi kwa lugha za namna hii ni sarufi ya ngazi mbili iliyopendekezwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia kwa Kiswahili tangu miaka ya 1980, akajenga mfumo wa SALAMA, ambao ndio uliowezesha kuainishwa kwa Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki yenye maneno yapatayo milioni 25. Zana huria za kuandikia sarufi za jadi hiyo, kwa mfano foma na hfst, zimo katika Debian. Kila moja ni chombo kisichofungamana na lugha yoyote, na mwanaisimu anayezijua kanuni za mofolojia ya Kiswahili anaweza kuzitumia hata kama hajawahi kuandika programu. Kwa mtazamo wa Kiswahili, foma ambayo haina hata neno moja la Kiswahili ina manufaa pengine makubwa kuliko vifurushi vingi vyenye neno Swahili katika jina.

Mwenye kifurushi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya kiisimu kwa kiwango kikubwa, maana istilahi nyingi zilipaswa kubuniwa. Lakini OpenOffice.org haikusimama ilipotafsiriwa. Matoleo mapya yaliendelea kutoka, maneno mapya yakaongezeka katika menyu zake, na mwaka 2010 kundi kubwa la waandishi wake likajitenga na kuanzisha LibreOffice. Tafsiri ya programu inayobadilika hutakiwa kufanywa tena na tena, na fedha za miradi hutolewa kwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Jambo hilo ndilo linaloamua uhai wa kifurushi kuliko ukubwa wa bohari kinamowekwa. CRAN humtaka kila mwenye kifurushi ataje msimamizi, na sharti lake ni kwamba awe mtu mmoja mwenye anwani ya barua pepe inayofanya kazi, si orodha ya barua wala kikundi. Kwa kifurushi kilichotokana na kazi ya idara, anwani hiyo mara nyingi ni ya chuo, ya mhadhiri aliyeongoza utafiti au ya mwanafunzi wa uzamili aliyeandika msimbo. Mwanafunzi huhitimu na mhadhiri hustaafu, kisha anwani hufungwa. Majaribio yakigundua kasoro baada ya hapo, ujumbe wa kumtaka msimamizi aishughulikie hurudi kwa aliyeutuma. Kifurushi hakifutwi, huhamishiwa katika kumbukumbu za zamani, ambako anayekijua jina anaweza bado kukitafuta, na idadi ya vifurushi inayotangazwa na bohari hupungua kwa kimoja.